Malipo ya Uchafu

Mjukuu wangu Akinyi anasafisha nyumba za wageni hapo Homa Bay, zile ambazo mtu huzipanga kwa siku mbili tatu kupitia simu, akafika na kujifungulia mwenyewe bila kuonana na mwenye nyumba. Juzi alinionyesha bei ya nyumba moja. Juu kuna kodi ya kulala, na chini yake, peke yake, kuna ada ya usafi. Akaniuliza, "Dani, hii pesa ya usafi nani alianzisha? Si wangeiweka tu ndani ya kodi?" Dani kwetu Wajaluo ni nyanya, nami nilifurahi kuitwa hivyo na mtu anayeuliza swali la maana. Watu wengi nimewasikia wakiilalamikia ile ada. Huyu alikuwa wa kwanza kutaka kujua kwa nini imesimama kando.

Mimi sijui ni nani aliyeianzisha duniani. Lakini katika nyumba tatu za ufuoni nilizozisafisha miaka ile baada ya Uhuru, namjua aliyeianzisha, na sababu yake naijua pia. Sababu ilikuwa Amri ya Nne. Msicheke. Ninyi mnaoshika fagio leo mnadhani kazi yenu imezaliwa na simu, basi nisikilizeni kidogo.

Nyumba zenyewe zilijengwa na Mzungu mmoja mpenda kuvua samaki. Uhuru ulipokuja akafunga virago, na Mwalimu Nashon akazinunua kwa akiba yake, ng'ombe kadhaa wa baba yake na mkopo. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mrefu, mtaratibu, Msabato mpaka kwenye mifupa. Nyumba zilikuwa za mabati, sakafu ya saruji nyekundu, baraza likitazama ziwa, na kila mlango ulikuwa na namba yake. Wageni wake walikuwa makarani, wauguzi, Wahindi wa Kisumu na watu wa mashamba ya chai ya Kericho.

Mimi nilitoka Rangwe. Mume wangu alikwenda Kericho kuchuma chai, akachuma na mke mwingine hukohuko. Nikabaki na watoto wawili wa shule, nikawaacha kwa mama yangu na kuja Homa Bay kutafuta kazi. Mwalimu aliponihoji hakuniuliza kama najua kufua wala kupiga pasi. Aliniuliza, "Wewe unasali wapi?" Nikamwambia mimi ni Mkatoliki. Nikaona uso wake unafunguka, nikashangaa, maana Wasabato wa siku zile hawakuwa na kawaida ya kutufurahia. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa anatafuta mtu wa kumfanyia kazi Jumamosi.

Aliyenifundisha kazi ni Peresi, mama mmoja aliyebaki tangu enzi za Mzungu. Yeye naye alikuwa Msabato, na Ijumaa jua likianza kuinama alikuwa ameshavua aproni. Peresi hakunipa fagio siku ya kwanza. Aliniambia nilale kitandani. Nikaona mtihani huu, mwanamke mgeni unalazwa kitanda cha watu saa tatu asubuhi! "Lala," akasema, "uangalie juu. Unaona nini?" Nikaona utando wa buibui kwenye boriti. "Wewe ukisimama huoni. Mgeni akilala ndio kitu ya kwanza anaona." Tangu siku ile sikuwahi kuanza nyumba bila kulala kitandani, kuketi kwenye kila kiti, na hata kuchuchumaa chooni. Akinyi ananiambia siku hizi wageni huandika malalamiko yao kwenye simu dunia nzima isome. Basi laleni kitandani kwanza, mtayasoma hayo malalamiko kabla hayajaandikwa.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la sam. Sam ni wale wadudu wadogo wanaopanda kutoka ziwani kama moshi, na wakivutwa na taa huingia ndani kwa maelfu na kufia ukutani. Mimi msichana wa Rangwe nilikuta ukuta umejaa, nikachukua kitambaa kilicholowa nikaufuta kwa bidii yote. Ukuta mweupe ukawa na rangi ya mboga. Peresi alicheka mpaka akashika mlango. "Sam hawaoshwi," akasema. "Ngoja wakauke, halafu ufagie taratibu kutoka juu." Tulipaka chokaa upya, na Mwalimu hakuambiwa sababu. Damu ya samaki kwenye shuka nayo inataka maji baridi. Ukiiwekea ya moto umeipika, haitoki tena. Sakafu nyekundu tuliing'arisha kwa kufunga vipande vya blanketi miguuni na kuteleza huku na huko, na hiyo ndiyo dansi pekee ambayo Peresi aliiona si dhambi.

Sasa sikilizeni kuhusu Jumamosi. Siku zile ofisi zilifunguliwa Jumamosi mpaka adhuhuri. Kwa hiyo wageni waliokaa juma zima walitoka Jumamosi asubuhi, na wale wa ofisini wakaingia Jumamosi hiyohiyo mchana. Kati ya asubuhi na mchana palikuwa na nyumba tatu chafu na mtu mmoja, mimi. Jumapili wengine waliondoka, nikaanza tena. Peresi alipumzika Jumamosi yake na Jumapili alikuwa shambani kwake.

Ijumaa moja Mwalimu alikuja nilipokuwa ninakung'uta magodoro, akasimama na kofia mkononi.

"Filomena," akasema, "wewe si ni mtu yangu ya kazi?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Basi kesho ukifagia, ni kama mimi nafagia. Amri ya nne inasema hata mfanyakazi yako apumzike. Nimeomba wiki tatu juu ya hii maneno."

Nilitaka kumwambia kwamba kwetu Wakatoliki hiyo ni amri ya tatu, lakini niliona anaumwa kweli. Alikuwa amejaribu kufunga Jumamosi, wageni wakapotea. Alikuwa amejaribu kuacha nyumba bila kufagiwa, wageni wakamtukana. Alikuwa na deni la nyumba na mke mjamzito.

"Nimepata njia," akaendelea. "Jumamosi wewe si mtu yangu tena. Wewe ni mtu ya mgeni. Mgeni anakulipa shilingi mbili ya kusafisha, mkono kwa mkono. Mimi sishiki hiyo pesa, siulizi, siangalii."

"Na mshahara wangu ya Jumamosi?"

"Hiyo naikata."

Nikapiga hesabu ya nyumba tatu, nikaona nitapata zaidi, nikakubali. Usiku ule nililifikiria sana jambo hili, maana mimi tangu utotoni ni mtu wa kujiuliza. Kumbe mtu anaweza kuwa mfanyakazi wa fulani Ijumaa alasiri, na jua likizama akawa si wake tena, na fagio ni lilelile? Na shilingi mbili ndizo zinazomhamisha? Nililigeuza jambo hilo kama mtu anayegeuza samaki jikoni, nisijue limeiva upande gani. Ila watoto walitaka karo, kwa hiyo niliacha.

Basi hiyo ndiyo ada ya usafi ya kwetu, Akinyi. Ilisimama kando ya kodi kwa sababu mwenye nyumba hakutaka kuigusa.

Taabu ilikuwa kuidai. Kwetu mgeni hatozwi kwa kufagiliwa. Ungeanzaje? Nilikuwa nikizungukazunguka mlangoni na fagio, nikikohoa. Mzee mmoja Mhindi alinitazama kwa huruma, akaingia ndani, akaniletea ndizi mbili. Ndizi mbili, si shilingi mbili! Peresi akaniambia, "Andikisha kibao, iseme yenyewe. Wewe unaogopa midomo yako."

Mwalimu alikuwa amekwenda kwenye kambi ya kanisa lao kwa juma zima. Nikamwendea Ogutu, fundi aliyekuwa akiandika majina ya mashua. Kwa Kijaluo maneno niliyokuwa nayo kichwani yalikuwa *chudo mar golo chilo*, nikayageuza moja kwa moja: malipo ya kutoa uchafu. Sisi wa huku Kiswahili ni nguo ya kuazima, tunaivaa hata mahali inapobana. Ogutu akachukua vipande vitatu vya ubao wa mashua kuukuu, akaandika kwa herufi kubwa nzuri zenye kivuli. Alipofika katikati ubao ukawa umekaribia kwisha.

"Hiyo 'kutoa' haiingii," akasema.

"Sasa?"

"Wacha tu. Uchafu si utatoka? Kila mtu anajua."

Nikatazama. MALIPO YA UCHAFU SH. 2. Herufi zilipendeza, mimi nikaona hazina kasoro. Nikavitundika vibao ndani, nyuma ya kila mlango, mahali Mzungu alipokuwa ametundika karatasi yake ya maagizo ya taa, ili mgeni akifunga mlango akione.

Jumamosi ya kwanza nilikwenda namba moja, alimokuwa karani mmoja wa Kisii na mkewe. Nilikuta mashuka yamefuliwa na kuanikwa. Sufuria zimesuguliwa kwa mchanga mpaka zinameta. Sakafu ina unyevu. Mke wa karani alikuwa amejifunga kanga kiunoni, jasho linamtoka, na uso umekaza.

"Mama, kuja hapa," akaniambia. "Angalia yote. Angalia chini ya kitanda. Uchafu iko wapi?"

Nikaangalia. Nikalala hata kitandani, yeye akinikodolea macho. "Hakuna," nikasema.

"Basi hakuna malipo. Sisi si watu ya uchafu." Wakapanda gari lao wakaenda.

Nikadhani ni mambo ya mtu mmoja. Jumamosi iliyofuata ikawa hivyo kwa nyumba mbili, na iliyofuata kwa zote tatu. Wauguzi wawili walisugua mpaka vioo vya taa kwa majivu. Mwalimu mkuu mmoja alimfanya mwanawe aokote majani uani, kisha akaniita nihakikishe kwa maandishi. Nyumba hazikuwahi kuwa safi namna ile, nami sikuwahi kuwa maskini namna ile. Nilikuwa natembea Jumamosi kutoka mlango hadi mlango nikipekua vyumba vya watu kama askari, nikiomba kimoyomoyo nikute angalau ganda la yai.

Kisha akaja mfanyabiashara wa omena, wale dagaa wa ziwani, kutoka Muhuru Bay. Huyu alisoma kibao, akacheka, akanilipa shilingi mbili papo hapo kabla hajafungua mzigo. Nilimpenda sana kwa muda wa siku moja. Aliparua magamba ya samaki ngege juu ya kitanda. Alimweka kamongo mzima, yule samaki mrefu kama nyoka, kwenye beseni la kuogea, na kamongo akatoka usiku akajiburuza mpaka barazani. Nilipolalamika, yule bwana alinionyesha kibao kwa kidole. "Mama, mimi nimelipa ya uchafu. Wacha nichafue."

Hapo ndipo akili iliponifunguka. Nilisimama mbele ya kile kibao nikakisoma kwa macho ya mgeni, kama Peresi alivyonifundisha kuzitazama boriti, na aibu ikanishika. Mwenye heshima zake alikisoma akaona anaitwa mchafu, anatozwa faini. Asiye na haya alikisoma akaona anauziwa ruhusa. Neno moja tu lilikosekana. Nilimkimbilia Ogutu, nikaambiwa amekwenda Muhuru Bay kwenye kazi ya mashua, hatarudi upesi. Nilitaka kuving'oa vibao, lakini kuving'oa kulikuwa kurudi kwenye kukohoa mlangoni. Na zaidi ya hayo niliogopa. Kwa miezi miwili nilikuwa nimewatukana wageni wote wa Mwalimu Nashon kwa herufi zenye kivuli.

Niliamua kumwambia. Alhamisi nikamngoja, naye akaja, lakini akaja anang'aa.

"Filomena, Mungu amejibu!" akasema. "Nimesikia kwa watu. Jumamosi nyumba zangu ziko safi na hakuna mtu wa kazi anashika fagio. Wageni wanatoka, usafi unabaki. Mimi niliomba njia, nikapewa muujiza."

Nikameza maneno yangu. Ungemwambiaje mtu kwamba muujiza wake ni ubao uliokwisha mapema?

"Sasa," akaendelea kwa upole, maana hakuwa mtu mbaya, "naona kazi imepungua. Mwezi ikiisha, nitakuwa nakuita siku mbili tu kwa wiki. Peresi anatosha hizo zingine."

Siku mbili. Nilihesabu haraka nikaona watoto wangu wanarudi nyumbani kutoka shule, mmoja baada ya mwingine, na mimi narudi Rangwe kula kwa mama. Sikulia mbele yake. Nililia nikifua. Jambo lililoniuma zaidi ni kwamba nilijikata mguu kwa jembe langu mwenyewe.

Ijumaa yake, mke wa Mwalimu, Dorka, alikuwa na mtoto wa siku chache, na mama yake akatoka Kendu Bay kuja kumwona mjukuu. Hapa niwaeleze, maana ninyi wa leo mmeanza kusahau. Kwa Wajaluo mama mkwe halali nyumbani kwa mkwewe. Ni aibu. Tena mkwe na mama mkwe hawazoeani. Husalimiana kwa mbali, na jambo zito likitokea kati yao hupitia kwa mtu wa tatu. Kwa hiyo Mama Dorka alilazwa namba mbili. Lakini si namba mbili nayo ni ya mkwe? Mama Dorka alikuwa ameliona hilo tangu Kendu Bay, akaja na fedha kwenye leso. Alimpa Peresi kodi kamili ya usiku tatu kama mgeni yeyote. "Nikilipa si ya mkwe tena," alisema. "Ni yangu mpaka Jumatatu." Nilicheka peke yangu, nikaona kumbe si Mwalimu tu anayejua kuvuka mto kwa daraja la shilingi.

Nilipata habari hizo jioni, nikirudi na nguo nilizofua ziwani. Kibao! Nyuma ya mlango wa namba mbili, mkwe anamtoza mama mkwe malipo ya uchafu! Kwa jambo dogo kuliko hilo koo zimewahi kununiana miaka. Lakini taa ilikuwa imeshazimwa, na huwezi kumwamsha mama wa watu kwa sababu ya ubao.

Alfajiri nilikuwa mlangoni. Nilichelewa. Mama Dorka, mama mnene mwenye mvi, Msabato wa kubatizwa ziwani, alikuwa amepiga magoti Jumamosi asubuhi, gauni limepandishwa na kufungwa kiunoni, anasugua sakafu kwa brashi.

"Mama, wacha! Leo ni Sabato yenu!"

"Nyathina, mimi naijua Sabato kabla wewe uzaliwe," akasema bila kuinua kichwa. Nyathina ni mwanangu. "Nyasaye Mungu wetu nikimkosea atanisamehe. Lakini mkwe akisema mimi ni mchafu, hiyo itasemwa mpaka kwa watoto wa watoto."

Kabla sijajibu nikasikia viatu barazani. Dorka alikuwa kitandani na mtoto, kwa hiyo Mwalimu alikuja mwenyewe kumwita mama mkwe kanisani. Mlango ulikuwa wazi. Akamwona kwa nusu sekunde, magoti nje, brashi mkononi. Aligeuka kwa kasi akakabili ziwa, Biblia kwapani, shingo imekakamaa. Mama Dorka naye akalivuta gauni lake na kujibanza nyuma ya ukuta. Nikabaki kizingitini, mguu mmoja ndani, mmoja nje.

"Muulize mkwe wangu," sauti ikatoka ndani, "mimi nimemletea uchafu gani?"

Mwalimu alikuwa hatua nne kutoka kwake. Alisikia kila neno. Lakini heshima ni heshima. "Mwalimu," nikasema, "mama anauliza amekuletea uchafu gani."

"Uchafu?" akaliambia ziwa. "Mwambie mama sielewi."

Hapo sikuwa na pa kukimbilia. Nilikiondoa kibao nyuma ya mlango nikakishika mbele yangu. Nikawaambia wote wawili, mmoja upande huu na mwingine upande ule, kwamba neno ni langu, kwamba nilitaka kusema kutoa uchafu, kwamba ubao ulikwisha. Nikawaambia na ule muujiza wa wageni umetoka wapi. Niliona masikio ya Mwalimu yanabadilika rangi. Ndani nikamsikia Mama Dorka anajizuia kucheka na kushindwa.

Alipotulia akauliza, "Na kwa nini mgeni analipa hiyo pesa kando?"

Nikamweleza habari ya Jumamosi, jinsi ninavyoacha kuwa mtu wa Mwalimu na kuwa mtu wa mgeni. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kicheko kilikuwa kimekwisha.

"Mwambie mkwe wangu," akasema polepole, "hiyo dhambi hajaiacha. Ameipangisha."

Nikalifikisha.

"Mwambie asome hiyo amri mpaka mwisho. Mgeni aliye ndani ya boma yake pia ametajwa."

Mwalimu alifungua Biblia palepale, bado ametupa mgongo. Niliona midomo yake inacheza. Akaifunga. "Mwambie mama ni kweli," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka kweli.

Akinyi atataka kujua ada iliishia wapi, basi nimalize hilo. Iliingizwa ndani ya kodi. Wageni wa juma wakawa wanatoka Ijumaa asubuhi, wa Jumamosi wakaingia nyumba iliyokwisha kusafishwa, na aliyeondoka Jumapili, vumbi lake lilitungoja mpaka Jumatatu. Wageni walipungua kidogo, kisha wakazoea. Lakini hayo yalikuja baadaye. Asubuhi ile bado tulikuwa tumesimama vilevile, na Mama Dorka alikuwa hajamaliza.

"Muulize," akasema, "huyu mama wa kazi anapumzika siku gani?"

Nikaanza kukitazama kibao mkononi.

"Muulize."

"Mwalimu," nikasema, "mama anauliza mimi napumzika siku gani."

Jumatatu mpaka Ijumaa nilikuwa mtu wake. Jumamosi nilikuwa mtu wa wageni. Jumapili nilikuwa mtu wake tena, na misa nilikuwa nimeisahau hata nyimbo zake.

"Mwambie mama," akasema Mwalimu, "sijui."

Niliumia, watoto wangu. Mtu huyu alikuwa ameomba majuma matatu juu ya kazi yangu ya Jumamosi, na hakuwa amejiuliza hata mara moja kama mimi nachoka. Naona aliumia naye, kwa sababu alivua kofia ingawa hakuna aliyekuwa akimwona ila mimi.

"Mwambie ampe siku moja ya kupumzika," Mama Dorka akasema. "Siku moja. Na asimpunguzie kazi wala mshahara."

Nikageuka kumwelekea Mwalimu. Alikuwa ameshasikia. Nilijua amesikia. Nilijua pia kwamba yeye hawezi kumuuliza mama mkwe wake amesema nini, na mama hawezi kupaza sauti kunisahihisha mbele ya mkwe. Kati yao nilikuwa mimi tu.

"Mwalimu," nikasema, "mama anasema siku mbili. Jumamosi ya kwenu, na Jumapili ya kwetu. Na mshahara usiguswe."

Nyuma ya ukuta Mama Dorka alikohoa. Mwalimu akavaa kofia yake.

"Mwambie mama nimekubali," akasema.

Nikaingia ndani kumwambia kwamba Mwalimu amekubali. Alikuwa anajifuta mikono kwa gauni, akinitazama usoni.

"Nimesikia," akasema. "Nimesikia yote."